Simu Kama Mwelekezi wa Dereva Mombasa: Tathmini ya Usahihi Wake

Familia yetu hupika vyakula vya shughuli, yaani harusi, hitima na maulidi, na gari letu dogo la mizigo hushinda barabarani kutoka Majengo hadi Mtwapa, na mara nyingine hadi Diani, likipeleka sufuria za biriani kwa watu ambao aghalabu hatujawahi kufika kwao. Kazi ya namna hiyo haivumilii kupotea njia, kwa sababu chakula hupoa na wageni hawangoji. Huduma ninayoitathmini hapa ni uelekezaji wa njia kwa simu janja, ambao madereva wengi wa mji huu wameuzoea kiasi cha kutouhoji tena. Nimetumia programu tatu: moja inayokuja ndani ya simu nyingi tangu dukani, nyingine inayotegemea taarifa zinazotumwa na madereva wenzetu, na ya tatu inayofanya kazi bila intaneti kwa ramani zilizochorwa na watu wa kujitolea. Sitazitaja kwa majina, kwa kuwa kasoro nitakazozieleza zinazihusu zote kwa viwango vinavyokaribiana, na msomaji hataziepuka kwa kuhama kutoka moja kwenda nyingine.

Uamuzi wangu niutoe mapema. Mtu akisema kwamba simu imempoteza, mara nyingi lawama huangukia setilaiti, ilhali setilaiti ndizo zenye hatia ndogo kuliko wote. Simu inajua vizuri sana gari liko wapi. Tatizo ni kwamba ramani iliyo chini ya kitone cha buluu, kile kinachoonyesha ulipo, haiujui mji kwa kiwango hicho hicho, na hesabu inayochagua njia na kukadiria muda inaujua mji kidogo zaidi. Anayetaka kuitumia simu kwa faida hana budi kutenganisha mambo hayo, akajua ni lini aamini na ni lini abishe.

GPS yenyewe ni mfumo wa Marekani wa kutambua mahali kwa setilaiti, uliotangazwa kukamilika mwaka 1995. Setilaiti zake huzunguka dunia kwenye kimo cha takribani kilomita 20,200, kila moja ikikamilisha mizunguko miwili kwa siku, na hazijui lolote kuhusu simu yako. Kazi yao ni kutangaza saa na mahali zilipo. Simu huyapokea matangazo hayo, hupima yamechukua muda gani njiani, na kutokana na muda huo hukokotoa umbali wake kutoka kwa kila setilaiti. Setilaiti tatu zingetosha lau saa ya simu ingekuwa na usahihi wa saa za atomiki zilizomo ndani ya setilaiti, lakini haina, na kosa la sehemu moja ya milioni ya sekunde ni sawa na kosa la mita 300 hivi ardhini. Kwa hiyo huhitajika setilaiti ya nne ili kosa la saa ya simu lenyewe litambuliwe na kuondolewa. Hadi mwanzoni mwa Mei 2000 serikali ya Marekani iliipunguzia ishara ya raia ubora wake kwa makusudi, na kosa liliweza kufika mita 100, kiasi ambacho katika kisiwa chetu chembamba kingetosha kumweka baharini dereva aliye Mama Ngina Drive. Leo simu nyingi hupokea pia ishara za Galileo ya Ulaya, GLONASS ya Urusi na BeiDou ya China, na wingi huo wa setilaiti ndio unaoifanya ipate mahali pake haraka hata pale ambapo nusu ya anga imezibwa na majengo.

Takwimu za serikali ya Marekani zinasema kwamba simu janja iliyo chini ya anga wazi kwa kawaida huonyesha mahali kwa usahihi wa ndani ya nusu kipenyo cha mita 4.9. Kwa matumizi ya Mombasa nimeona takwimu hiyo inaelekea kuwa kweli. Katika Links Road, katika barabara ya kwenda uwanja wa ndege, na kando ya bahari kule Mama Ngina, kitone hukaa barabarani kama kilichopigwa msumari. Msomaji asiusahau upande wa pili wa takwimu hiyo, hata hivyo. Upana wa kawaida wa njia moja ya gari ni kama mita tatu na nusu, kwa hiyo simu ya kawaida haiwezi kujua kwa uhakika uko njia ya kulia au ya kushoto, wala haiwezi kila mara kutofautisha barabara kuu na ile ya pembeni inayokwenda sambamba nayo.

Jambo hili huonekana waziwazi katika barabara ya Nairobi, kuanzia Changamwe kuelekea Jomvu. Programu zote hukivuta kitone na kukilaza juu ya barabara ambayo zinaamini umo, hata kama kipimo chenyewe kimeangukia mtaroni, na hilo hufanya skrini ionekane nadhifu kuliko ukweli ulivyo. Dereva akishatoka barabara kuu na kuingia ya pembeni, programu huendelea kwa muda kudai kwamba bado yuko kule juu, kisha hushtuka na kuanza kutafuta njia upya wakati yeye ameshalipita geti alilolitaka. Pale ambapo barabara moja hupita juu ya nyingine hali huwa mbaya zaidi, kwa kuwa setilaiti zote ambazo simu inaweza kuzisikia ziko upande wa juu na hakuna hata moja iliyo chini ya miguu yetu, na kwa sababu hiyo kipimo cha kimo hubeba kosa kubwa kuliko kipimo cha mahali. Anayeikaribia Changamwe kwa mara ya kwanza ningemshauri asome vibao, aiache simu izungumze peke yake.

Katikati ya mji kuna adui mwingine, nao ni kuta. Ishara ya setilaiti ikigonga jengo na kurudi, simu huipokea ikiwa imechelewa kidogo na kudhani kwamba setilaiti iko mbali kuliko ilivyo. Moi Avenue ni pana na majengo yake si marefu mno, hivyo madhara ni madogo. Katika Digo Road na kuzunguka Marikiti kitone huanza kuyumba. Na ukiingia Mji wa Kale, ambako nyumba zimesogeleana na roshani zimeinamiana juu ya kichwa cha mpita njia, kitone huruka kutoka kichochoro kimoja hadi kingine bila aibu. Kwa bahati nzuri hakuna dereva mwenye akili timamu anayehitaji usahihi wa mita mbili humo, kwani vichochoro vingi havipitishi gari, na mwenye shughuli Kibokoni au Mlango wa Papa huegesha pembeni akaita vijana wa mkokoteni.

Jambo ambalo sijawahi kusikia likitajwa vijiweni ni tabaka la juu la anga, ayonosfia, ambalo lina chembe zenye chaji ya umeme na huichelewesha ishara inapopita. Mombasa iko takribani digrii nne kusini mwa ikweta, na maeneo ya tropiki yaliyo karibu na ikweta ndiyo yanayopata misukosuko mikubwa zaidi ya tabaka hilo, hasa katika saa za baada ya jua kutua, katika miezi ya karibu na Machi na Septemba, na katika miaka ambayo jua lina shughuli nyingi. Sidai kwamba kila kitone kinachoyumba baada ya magharibi kimeyumbishwa na anga. Ila tofauti ya simu ya bei nafuu na simu bora huonekana hapa, kwa sababu simu bora hupokea masafa mawili ya setilaiti, yaitwayo L1 na L5, badala ya moja, na kwa kuwa ucheleweshaji hutofautiana kati ya masafa na masafa, simu yenyewe inaweza kuukokotoa na kuutoa. Simu ya kwanza ya namna hiyo kuuzwa kwa umma ilikuwa Xiaomi Mi 8 ya mwaka 2018, na tangu hapo uwezo huo umeshuka hadi simu za bei ya kati. Anayenunua simu kwa ajili ya kazi ya barabarani aulize kama ina L5 pamoja na L1 kabla ya kuuliza kamera yake ina megapikseli ngapi. Muuzaji akikosa kuelewa swali, maelezo ya kiwandani kwenye intaneti hulijibu.

Ubora wa kipokezi hauna maana simu ikizimika, na joto la Mombasa huzizima simu. Apple yenyewe hueleza kwamba iPhone imekusudiwa kutumika mahali penye joto la kati ya nyuzi 0 na 35 za Selsiasi, na huitaja hali ya kuelekezwa njia ndani ya gari lenye joto kuwa miongoni mwa zinazoipasha simu moto. Gari lililoegeshwa juani Kongowea kwa muda wa kupakua mizigo tu hupita kiwango hicho kwa mbali. Simu iliyo juu ya dashibodi, nyuma ya kioo, inayochajiwa, yenye skrini inayowaka kwa mwanga wote, huanza kufifia, kisha huacha kuchaji, na hatimaye hujifunga. Nilichokiona kikisaidia ni kishikizi cha kubana kwenye tundu la kiyoyozi, na penye gari lisilo na kiyoyozi, basi kishikizi cha chini karibu na gia, mbali na jua. Vishikizi vya sumaku havikosei mahali, lakini huivuruga dira ya simu, na ndiyo sababu gari likiwa limesimama mshale huelekea Likoni wakati wewe unaelekea Buxton. Likishaanza kwenda, programu huujua mwelekeo kutokana na mwendo wenyewe na mshale hutulia. Kushika simu mkononi huku unaendesha ni kosa la kisheria, na zaidi ya hilo ni ujinga, kwa hiyo suala la kishikizi si la anasa.

Ramani ndiyo inayonipa kazi zaidi. Barabara kuu za kisiwani zimechorwa vizuri katika programu zote tatu, na majina yake ni sahihi, ingawa mzee akikuelekeza Kilindini Road hutaiona kwa jina hilo, maana siku hizi ni Moi Avenue. Ugumu huanza ukivuka kwenda bara. Kisauni, Mishomoroni, Mwandoni na Kiembeni zimejengwa kwa kasi, ploti baada ya ploti, na njia iliyokuwa ikipita kati ya minazi mwaka juzi leo ina nyumba ya ghorofa katikati yake. Ramani huchorwa kwa kiasi kikubwa kutoka kwenye picha za angani, na kutoka angani mtu hawezi kuona kwamba njia ina mnyororo, kwamba daraja la mtaro limebomoka, au kwamba mchanga wake humeza magurudumu ya gari lisilo la magurudumu manne yenye nguvu. Nimeelekezwa na programu moja kupita njia ya Kiembeni ambayo bodaboda wenyewe waliikataa. Katika maeneo hayo ramani ya watu wa kujitolea, OpenStreetMap, iliyoanzishwa mwaka 2004, imenishangaza kwa wema, kwani mara nyingi huonyesha hata vijia vya miguu, na mahali pengine imeandikwa aina ya uso wa barabara kama ni lami au udongo.

Kasoro iliyonigharimu muda mwingi kuliko nyingine zote ni ya mageti. Programu ikipewa mahali, hutafuta kipande cha barabara kilicho karibu zaidi na nukta ile, kisha humpeleka dereva hapo na kutangaza kwamba amefika. Katika Nyali, Bamburi na Kizingo, ambako nyumba zimo ndani ya kuta ndefu zenye geti moja, kipande cha barabara kilicho karibu mara nyingi kiko nyuma ya ukuta. Dereva husimama akiutazama ukuta, akisikia hata vyombo vikigongana jikoni kwa mteja, ilhali geti liko mtaa wa pili na ili kulifikia lazima arudi hadi barabara kuu. Hapa kipokezi hakina kosa hata kidogo, kwa sababu nukta iko pale pale ilipopaswa kuwa. Kinachokosekana ni habari moja ndogo kuhusu mlango, habari ambayo mlinzi yeyote wa mtaa angeitoa bila kufikiri.

Maji nayo yana mambo yake, na hapa mji wetu unaiumbua hesabu ya programu kuliko miji mingi ya bara. Mtu aliye Mkomani anauona Mji wa Kale ng'ambo ya maji kwa macho yake, karibu kiasi cha kuhesabu madirisha, lakini kwa gari lazima azunguke hadi Daraja la Nyali na kushuka tena kupitia Buxton. Programu inapoulizwa kituo cha mafuta au duka la dawa lililo karibu, mara nyingi hupanga majibu kwa umbali wa moja kwa moja, na hivyo humpa mtu wa Mkomani maduka ya kisiwani, na mtu wa Tudor maduka ya ng'ambo ya hori. Huduma moja ya teksi za simu ilimtafutia shemeji yangu, aliyekuwa Mama Ngina, dereva ambaye kwa ramani alikuwa mita mia chache tu kutoka kwake; dereva huyo alikuwa Likoni, na kati yao kulikuwa na mlango wa Kilindini na feri.

Feri ndiyo mtihani mkubwa. Kwenye ramani, kivuko cha Likoni huchorwa kama kipande cha barabara kinachopita juu ya maji kwa takribani nusu kilomita, na hesabu hukipa muda wake kama inavyokipa kipande kingine chochote. Kuvuka kwenyewe ni kwa dakika chache. Anayeujua mji huu anafahamu kwamba safari ya Likoni haipimwi kwa kuvuka, hupimwa kwa kungoja, na kungoja hutegemea feri ngapi zinafanya kazi siku hiyo, saa gani watu wanatoka kazini, na kama kuna malori mengi mbele yako. Programu inayosoma mwendo wa simu za watu hukisia baadhi ya foleni hiyo, lakini nimeiona ikionyesha kijani mahali ambapo magari yalikuwa yamezima injini na wauza korosho wakipita dirishani. Dhana yangu, ambayo sina namna ya kuithibitisha, ni kwamba wingi wa waenda kwa miguu wenye simu mifukoni, wanaoshuka kuelekea kivukoni bila kusimama, unaichanganya.

Barabara ya Dongo Kundu, inayotoka upande wa Miritini na kuyavuka maji kwa madaraja hadi Ng'ombeni, imeleta chaguo jipya kwa Mombasa: kufika Pwani ya Kusini kwa gurudumu mwanzo hadi mwisho. Kwa kilomita ni mbali zaidi, na mtu wa Majengo lazima kwanza atoke kisiwani kupitia Makupa na kupigana na malori ya bandari hadi Miritini. Programu, zikiachiwa uamuzi, hupendelea feri kwa kuwa njia yake ni fupi na kungoja hakuhesabiwi sawasawa. Dawa yake ni rahisi: katika mipangilio ya njia kuna kitufe cha kuepuka feri, nacho ukikiwasha hupata makadirio ya Dongo Kundu, ukikizima hupata ya Likoni, kisha unayalinganisha mwenyewe huku ukiyaongezea yale ya Likoni muda wa kungoja kwa kadiri ya ujuzi wako wa saa hiyo. Kwa chakula cha Diani kinachopaswa kufika saa saba mchana, sisi sasa hupita Dongo Kundu bila mjadala, si kwa sababu ni haraka kila siku, bali kwa sababu makadirio yake hayapotoki sana. Kwa Likoni yenyewe na Mtongwe, feri bado ndiyo njia.

Upande wa Nyali, makadirio ya muda ni mazuri kuliko nilivyotarajia, kwa sababu daraja hilo hupitwa na magari mengi mno na data haikosekani. Yanapovurugika ni asubuhi ambapo askari wa trafiki huamua kuwapa wanaoingia mjini njia za ziada upande usio wao. Uamuzi huo hutolewa kwa mkono na filimbi, na hakuna ramani inayoupokea kwa wakati. Ile programu inayotegemea taarifa za madereva husaidia kidogo hapa, ila watumiaji wake Mombasa si wengi kiasi cha kuifanya itegemewe kila saa, tofauti na sifa zake nilizosikia kwa jamaa walio Nairobi.

Kisha kuna Ramadhani. Makadirio ya safari za baadaye hujengwa juu ya mazoea ya wiki zilizopita: Jumanne saa kumi na moja jioni barabara hii huwa hivi, Ijumaa saa saba mchana huwa vile. Ramadhani huyavunja mazoea hayo yote kwa usiku mmoja, na kwa kuwa kalenda ya Hijria hurudi nyuma kwa takribani siku 11 kila mwaka kulinganishwa na ya miladi, hata kumbukumbu ya mwaka uliopita haikai mahali pake. Saa moja kabla ya futari Mombasa nzima iko barabarani. Mwembe Tayari na Majengo hujaa wanunuzi wa viazi karai na mahamri, na gari husogea kwa mwendo wa kobe, wakati programu iliyoulizwa asubuhi ilikuwa imeahidi safari nyepesi. Baada ya adhana ya magharibi, kwa muda mfupi, unaweza kuvuka kisiwa kizima bila kukanyaga breki. Baada ya tarawehe watu hutoka tena, na mitaa ambayo kwa kawaida hulala saa nne huwa na msongamano hadi usiku wa manane. Picha ya hali ya sasa huonyesha hayo yote kwa usahihi unaostahili pongezi, maana hutokana na magari yanayotembea wakati huo huo. Kinachokosea ni utabiri. Kwa hiyo katika mwezi huo swali la kuiuliza simu ni hali ikoje sasa, na swali la itakuwaje jioni aulizwe binadamu.

Mahema ya harusi nayo hayamo katika ramani yoyote. Mtaa ukifungwa Majengo au Kuze kwa ajili ya shughuli, hufungwa kwa kamba na viti, na habari hujulikana kwa majirani tu. Sisi tumewahi kuelekezwa kwa uthabiti mkubwa kupita katikati ya hema ambalo sisi wenyewe ndio tulikuwa tunalipelekea chakula.

Kuhusu gharama, iko dhana kwamba GPS hula bando. Haili. Kupokea ishara za setilaiti ni bure na hakuhitaji intaneti hata kidogo. Kinacholipiwa ni ramani inayoshushwa na habari za msongamano. Ukiipakua ramani ya Mombasa, Kilifi na Kwale nyumbani kwenye waifai, unaweza kuendesha hadi Diani na kurudi bila data, ukikosa tu rangi za foleni. Tofauti nyingine ni kwamba bila intaneti simu iliyozimwa kwa muda mrefu huchelewa kupata mahali pake mara ya kwanza, kwa kuwa lazima isikilize taarifa za mizunguko kutoka kwa setilaiti zenyewe, zinazotumwa polepole mno na kuchukua karibu nusu dakika, badala ya kuzichota kutoka kwenye mtandao kwa sekunde chache. Iwashe kabla ya kuondoka, isimame kidogo chini ya anga wazi, kisha uende.

Sauti za maelekezo sina mengi ya kusema juu yake, isipokuwa kwamba sauti ya Kiingereza ikilitamka jina la Ng'ombeni hufaa kwa kuchekesha abiria kuliko kwa kuelekeza dereva.

Sehemu ya huduma hii inayotusaidia kuliko zote si kuelekezwa bali ni pini. Nyumba nyingi za Mombasa hazina namba inayotumika, na maelekezo ya mdomo huanzia msikitini na kuishia kwenye duka ambalo limeshahama. Mteja akituma mahali alipo kwa simu, nusu ya kazi imekwisha, mradi atume vizuri. Simu iliyo ndani ya nyumba, chini ya zege au mabati, huzisikia setilaiti kwa shida, na hivyo hukisia mahali kwa kutumia waifai za jirani na minara ya simu. Kisio hicho kinaweza kuwa na kosa la nyumba kadhaa, na duara hafifu la buluu linaloizunguka nukta huwa limetanuka likisema wazi kwamba halina uhakika. Watu wengi hawalitazami duara hilo. Siku hizi mke wangu, anayepokea oda, huwaambia wateja kwa upole, "Bi mkubwa, nakuomba utoke hapo nje hadi getini, usimame kidogo, ndipo unitumie." Wapo wanaoona ni usumbufu, na mmoja alijibu kwamba hawezi kutoka nje kwa kuwa yuko na hina mikononi, jibu ambalo hatukuwa na hoja dhidi yake, hivyo alimtuma mtoto. Pini iliyotumwa kutoka getini hutatua kwa pamoja tatizo la paa na tatizo la ukuta, na dereva wetu hufika mlangoni pasipo kupiga simu ya pili.

Kila pini iliyothibitishwa tunaihifadhi kwa jina ambalo mteja mwenyewe hujulikana nalo mtaani, na penye geti lisilochorwa, kijana wetu huliongeza katika OpenStreetMap, kazi ya dakika mbili ambayo mtu yeyote mwenye akaunti ya bure anaweza kuifanya. Geti la kwanza aliloliongeza lilikuwa la nyumba moja ya Bamburi ambako programu zilikuwa zikitupeleka ukutani kila mara. Programu ya ramani za kujitolea iliposasishwa, njia ilihamia mtaa wa mbele. Zile nyingine mbili zina sehemu ya kuripoti kosa, nasi tuliripoti kosa lile lile. Moja ilirekebisha, nyingine bado inatupeleka ukutani.